Bakuli la Mgeni

Paka alianza kukohoa watu wakiwa mezani, na kuanzia hapo hakuna aliyekula kwa raha. Alijikunyata chini ya kiti, akanyoosha shingo mbele kama anayetaka kulamba sakafu, mbavu zikapanda na kushuka, kisha ikatoka sauti ile: kavu, ya kukwaruza, na mwishoni ya majimaji, kama kiatu kinachochomolewa kwenye tope. Akatulia. Akameza. Kule kumeza ndiko kulikomfanya mkwe asukume sahani yake mbali.

"Amemeza tena," alisema. "Mmemwona? Lilikuwa limeshafika mdomoni, amelirudisha. Mungu wangu, mimi siwezi."

"Usimwangalie," mumewe alimwambia. Alikuwa mpaka rangi za nyumba, na siku hiyo nyusi zake zilikuwa na chokaa kama za mzee.

"Nisimwangalie, na masikio niyazibe kwa pamba? Nyinyi wanaume mna matumbo ya mbuzi. Mtoto ana mafua tangu juzi, anashinda na huyu mdudu, wanabusiana midomo. Leo kakohoa yeye, kesho atakohoa nani?"

Mtoto, ambaye kwa mashavu yake waliokuwa wakimwita Bonge hawakukosea, aliposikia anazungumziwa alimtupia paka kipande cha kiazi. Paka alikinusa, akakiacha.

"Jumamosi huna kazi," mkwe alimwambia mumewe. "Mtie kwenye gunia, umpeleke mbali."

"Mbali wapi?"

"Asikorudi."

Hakuna aliyeutaja mto. Haukuhitaji kutajwa.

Fundi viatu, baba wa mpaka rangi, alikuwa amekaa mwisho wa meza akichambua mwiba wa samaki uliokwisha kuchambuka. Ukweli ni kwamba hata yeye kinyaa kilikuwa kimemshika. Hakuwahi kupenda paka. Huyu alikuwa wa marehemu mkewe. Aliingia siku moja ya mvua akalala jikoni, na mkewe akampa jina la Mgeni. Siku ya tatu mama yule alimwonyesha panya nyuma ya gunia la mkaa, akasema, "Haya, hilo ndilo jembe lako." Paka alilima, akabaki.

Sasa manyoya yake yalikuwa yamesimama kama brashi kuukuu, na mgongo unahesabika. Fundi alitaka kusema neno. Lakini kooni kwake kulikuwa na kitu kinamtekenya, kinapanda, na akajua akifungua mdomo kitakachotoka si neno.

"Naenda kuwatazama bata," alisema, akainuka upesi.

Alipofika nyuma ya banda aliegemea ukuta, akatoa kitambaa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Vumbi la ngozi na moshi wa gundi vilikuwa vimemkalia kifuani miezi mingi. Dukani alikohoa apendavyo. Nyumbani alikuwa amejifunza kumeza, kama paka.

Na alikuwa na sababu. Alikuwa ameona mkewe alivyofanywa. Mama wa watu alikohoa mwaka mzima kabla ya kufa. Hospitali walisema ni moyo, moyo uliochoka, maji yanapanda mapafuni, haliambukizi hilo. Walisema mara mbili, mara ya pili polepole kama wanaosema na mtoto. Lakini kinyaa hakisikii daktari. Kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike na vingine. Akatengewa bakuli la bati. Kisha pazia. Kisha chakula kikawa kinasukumwa chini ya pazia kwa ncha ya kidole, na anayesukuma anageuza uso. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemnyima. Walimwonea kinyaa tu, kwa adabu zote, na yeye alikiona.

Aliyekula naye alikuwa Mgeni. Mama alikula kidogo, akateremsha bakuli sakafuni, na paka akamalizia, wakitazamana.

Siku ya pili baada ya maziko mkwe alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akakusanya kikombe, kijiko, bakuli, akavitumbukiza vyote kwenye shimo la choo. Fundi alisikia bati likigonga ukingo likishuka. Alikuwa amekaa pale pale kibarazani, anashona kandambili.

Kwa hiyo lilipotajwa gunia, Fundi hakumfikiria paka peke yake.

*

Nyuma ya nyumba kulikuwa na matuta ya mboga, na kwenye matuta kulikuwa na konokono. Usipowaondoa, kufika mwisho wa mwezi huna mboga, una vijiti. Mkwe alikuwa hodari. Kila asubuhi alipita na ndoo, akiwang'oa mmoja mmoja chini ya majani, halafu akawamwaga juu ya jiwe bapa karibu na banda na kuwaponda kwa nusu tofali. Bata walikuwa wakimsubiri wameshanyoosha shingo. Mayai ya bata wale yalikuwa na viini vyekundu, wateja wanayagombania.

Kupondwa kwa konokono si jambo la kutazama kabla ya chai. Gamba linalia, kisha kinatoka kitu cha kijivu kinachojikunja, na ute unavutika kutoka jiweni hadi kwenye tofali kama gundi isiyotaka kukauka. Mkwe alikuwa anaimba akiponda. Kwa kinyaa chake chote, konokono hawakumtia kinyaa. Hao walikuwa kazi.

Bata wakimaliza, Fundi alitoka na vichwa vya samaki vya usiku, akavitupa juu ya jiwe lile lile. Paka akaja, akala, akalamba na jiwe. Hiyo ndiyo desturi tangu bakuli lilipokwenda shimoni. Kumtafutia paka chombo kingine, mkwe alikataa: "Chombo cha paka ndani ya nyumba yangu? Aoshe nani?" Na Fundi hakutaka maneno. Jiwe lilikuwepo.

Asubuhi baada ya maneno ya gunia, jirani alikuwa ukutani, kidevu juu ya matofali. Mtaa mzima ulimwita Redio, na hakuchukia.

"Fundi, nimesikia paka wako ana kifua."

"Umesikiaje?"

"Anakohoa mpaka kwangu kunasikika! Mume wangu anadhani ni wewe."

Fundi alicheka kidogo, kwa tahadhari.

"Sikia ndugu yangu," Redio alisema, akishusha sauti hadi ikawa sauti ya kawaida ya watu wengine. "Watu wanasema ni ule wa marehemu. Kwamba paka kaurithi. Walikula bakuli moja, si ndiyo? Mimi siamini, lakini mayai yenu wiki hii sijachukua. Usinielewe vibaya."

"Sijakuelewa vibaya."

"Maana mimi nilimpenda sana marehemu."

"Tulikuona msibani," Fundi alisema, "ulikaa karibu na mlango." Akampa mgongo.

*

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana mwenye mabuti ya mpira, na foleni yake ilikuwa ya kuku ndani ya vikapu na mbuzi mmoja mwenye hasira. Mwenye mbuzi alimtazama Fundi aliyekuja mikono mitupu.

"Wako yuko wapi, mzee?"

"Nyumbani. Ni paka."

"Paka!" Mtu yule alicheka na foleni nzima ikapata sehemu yake. "Paka akifa unafungua mlango, anaingia mwingine. Bure kabisa."

Fundi alisogea na foleni. Alipofika mbele alieleza kikohozi, kukonda, kuhema kwa tumbo. Daktari alimsikiliza bila kucheka, kisha akasema, "Niletee kinyesi chake. Cha leo leo, kibichi."

"Kinyesi?"

"Ndiyo, baba. Kiasi cha kijiko."

"Cha... cha chakula?"

"Kipimo cha kijiko, baba. Kijiko chenyewe usitumie."

Basi Fundi, katika umri ule, akajikuta anamvizia paka kwenye matuta ya mboga. Mgeni alikuwa na tuta lake, lenye udongo laini, alikochimba na kufukia kwa adabu kuliko watu wengi. Fundi alifukua kwa kijiti. Alifunga pumzi, akageuza uso, na alipogeuza uso alijijua. Ndivyo walivyogeuza nyuso zao penye pazia. Akaugeuza tena, akatazama anachofanya. Konokono wawili walikuwa tayari wamefika pale, wanatambaa juu ya uchafu ule wakila polepole, kama wageni wa heshima.

Chombo alichokuwa nacho ni kopo la rangi ya viatu. Akaliosha, akatia, akafunika. Njiani, kama ilivyoandikwa tangu alipoondoka, akakutana na mwalimu wa shule, mteja wake.

"Fundi! Hiyo nyeusi? Bahati yangu. Nina kikao sasa hivi, hebu nipake kidogo hapa mbele." Akanyoosha mguu.

"Hii si ya ngozi yako, mwalimu."

"Ngozi ni ngozi, bwana. Fungua."

"Mwalimu, nakuheshimu sana. Nenda kwenye kikao na vumbi lako."

Mwalimu alibaki na mguu hewani, na mpaka leo anaamini kwamba Fundi ana rangi nzuri anayowawekea wakubwa.

Daktari hakuangalia kinyesi kile siku hiyo. Alikifunga ndani ya kitambaa chepesi, akakining'iniza kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya faneli, akasema kilichomo kitashuka chenyewe kikitafuta njia, Fundi arudi kesho. Kesho yake akamwita kwenye hadubini.

Mwanzo aliona kope zake tu. Halafu akawaona. Walikuwa kama uzi wa kushonea uliokatwakatwa ukatiwa roho. Wanajikunja, wanajikunjua, mikia imepinda, hawachoki. Fundi aliruka nyuma kana kwamba watampanda usoni.

"Hao wamo tumboni mwake?"

"Mapafuni. Mama zao wanaishi ndani ya mapafu, wanataga humo, vitoto vinatoka. Paka anakohoa, vinapanda mpaka kooni, anavimeza, anavitoa kwa haja. Konokono anapita, anajilisha pale, vinaingia ndani ya konokono na kukua. Kisha paka anakula konokono, na mambo yanaanza upya. Paka wako anakula konokono?"

"Paka gani anakula..." Fundi alianza. Aliliona jiwe. Aliuona ute unavutika, na vichwa vya samaki vikitua juu yake, kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha," alisema.

Daktari alingoja.

"Alikuwa na bakuli. Tulilitupa."

"Kwa nini?"

Fundi alitazama mikono yake, ambayo gundi ilikuwa imeshaifanya isionyeshe ngozi. "Usafi," alisema.

Daktari akamhesabia vidonge vya kusaga na kuchanganya na samaki. Kwa mtu, alisema, mnyoo huyu haji. Si kwa kuchezewa, si kwa kukoholewa. "Ila usishtuke. Minyoo wakianza kufa, atakohoa zaidi siku mbili tatu kabla ya kupata nafuu."

"Zaidi? Lini hiyo?"

"Akianza leo, kama keshokutwa."

Keshokutwa ilikuwa Jumamosi.

*

Fundi alieleza nyumbani, lakini alieleza vibaya. Aliposema "mapafuni" mkwe alishika mdomo, aliposema "wanapanda mpaka kooni" alitoka nje. Kilichobaki, yaani kwamba hilo haliambukizi, kilisikiwa na mpaka rangi peke yake, naye akasema, "Daktari wa kuku huyo, baba," akaendelea kukwangua rangi kwenye kucha.

Jumamosi paka alikohoa tangu jua linachomoza. Alikohoa akajipinda, akakohoa akaanguka ubavu, povu likamtoka puani lenye uzi wa damu, akalipaka sakafuni mbele ya mlango wa jikoni. Bonge alichuchumaa pembeni akimwambia, "Pole, Mgeni, pole," na mama yake akaja akamnyakua kwa mkono mmoja kama anayeokoa nguo mvua inapoanza.

"Gunia liko wapi?" alisema. Hakupiga kelele. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Baba, naomba usiniangalie hivyo. Mimi si mtu mbaya. Nimepika, nimefua, nimemlea mama mpaka dakika ya mwisho, hakuna siku alilala njaa. Lakini hiki siwezi. Nimemaliza."

Mpaka rangi alitoka chumbani na gunia lililowahi kuwa la saruji. Alilikung'uta, vumbi likajaa mlangoni. Alivaa glovu zake za kazi. Alipomwinamia paka, paka hakukimbia. Hakuwa na pumzi ya kukimbilia. Alimtazama tu, akifungua mdomo na kuufunga.

"Ngoja," Fundi alisema.

"Baba, tusianze."

"Sianzi. Hilo gunia ni dogo. Katafute kubwa kidogo, tuingie wawili."

"Utani gani huo, baba?"

Fundi alitaka kueleza kwamba si utani. Lakini vumbi la saruji lilikuwa limeshamfika, na kile kitu cha kooni, ambacho amekimeza miezi yote mezani, kitandani, mbele ya mjukuu, kikapanda bila kuomba ruhusa. Alikohoa. Alijishikiza mlangoni. Alikohoa kikohozi cha mtu mzima chenye mizizi, uso ukamvimba, kofia ikamwanguka, na hakuweza kutafuta kitambaa, kwa hiyo kila kitu kikaonekana. Paka naye akaanza tena. Wakakohoa wote wawili, mmoja amesimama na mmoja amelala, wanapokezana, na katikati yao mpaka rangi ameshika gunia wazi hajui alielekeze wapi.

Kilipokwisha, Fundi alifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Tangu lini?" mkwe aliuliza.

"Tangu kabla ya mvua."

"Na hatujakusikia?"

"Nilikuwa naenda kuwatazama bata."

Mkwe alimtazama. Alionekana akiwakumbuka bata, ni mara ngapi walitazamwa wakati wa chakula, na jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kumtania kwamba anawapenda kuliko watu. Uso wake ulifanya kitu ambacho Fundi hakukijua. Akadhani ni kinyaa, akainama kuokota kofia ili asikione vizuri.

"Ni vumbi la ngozi tu," alisema akiwa chini. "Lakini najua haisaidii. Mama yenu aliumwa moyo tu. Nitafungiwa uzi wa rangi gani mimi? Mwekundu ulishatumika."

Mpaka rangi alivua glovu, kwanza moja, kisha nyingine. Alizikunja akazitia ndani ya gunia, gunia akalikunja, akatoka nalo nje bila kuaga. Walimwona amesimama karibu na choo muda mrefu.

"Baba," mkwe alisema.

*

Wiki zilizofuata mkwe aliponda konokono upande wa pili wa banda, kwenye bati kuukuu, na akimaliza alilimwagia maji ya moto. Hakuimba. Vidonge vilisagwa kila asubuhi na Fundi, kwa nyundo ya viatu, na kikohozi cha paka kikapungua kama mteja mwenye deni: kwanza kila siku, kisha mara moja moja, kisha humwoni. Manyoya yakalala. Redio akarudi kununua mayai, akasema yeye siku zote alijua ni uzushi.

Siku moja Fundi alirudi kutoka dukani akakuta paka anakula mlangoni pa jikoni. Alikuwa anakula kwenye bakuli. Lilikuwa la udongo lenye maua ya buluu pembeni, moja la yale yaliyokaa kabatini nyuma ya kioo, ambayo mkwe aliletewa harusini na hakuwahi kuyatoa hata kwa wageni. Mkwe alikuwa anaosha mchele, mgongo kwake.

"Lilikuwa na ufa," alisema bila kugeuka.

Fundi aliliangalia. Halikuwa na ufa.

Wakati wa chakula walikaa mahali pao. Walikuwa katikati ya kula Fundi alipokitambua kile kitekenyo, na kwa mazoea akasukuma kiti nyuma.

"Bata wamelala, baba," mkwe alisema.

Basi akakohoa pale pale, ndani ya kiganja, akiwa ameinamisha kichwa kama anayeshitakiwa. Mwanawe aliendelea kutafuna, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mkwe akamjazia maji kikombe, akamsogezea kwa kiganja kizima. Fundi alikunywa nusu, akakiweka mezani.

Bonge, ambaye kiu haikuwahi kumpa muda wa kufikiri, alikidaka kikombe kile kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni.

Mkono wa mama yake uliinuka. Fundi aliuona, wote waliuona. Ulifika hewani katikati ya meza, vidole vimetanuka tayari kunyakua, ukasimama hapo. Mtoto alikunywa, koo lake likipanda na kushuka, maji yakimtiririka kidevuni. Kisha mkono ukashuka, ukaokota punje ya wali juu ya kitambaa cha meza, ukabaki nayo.

"Kunywa polepole," mama alisema. "Utapaliwa."